Kahawa, Kiko na Mwanamke wa Ng'ambo ya Korongo

Montreal, 21 Februari 1982

Mdogo wangu Anésie,

Pokea salamu zangu nyingi, na ukishazipokea ujue kwamba nimefika salama, sijavunjika kitu, ila masikio yanavuma tangu niliposhuka kwenye ndege. Yolette hajambo, anasema amekuwekea picha ya mtoto humu ndani. Mtoto ni msichana mnene, uso wa marehemu baba yetu mtupu, hata kule kukunja paji kama aliyepewa uji baridi. Mkwe wangu Frénel ananiita Mama na ananivutia kiti. Nisalimie padri, nisalimie na wote wanaouliza habari zangu. Wasiouliza waache.

Sasa nikwambie. Hapa kuna baridi ya kumtoa mtu machozi bila huzuni. Kahawa wanaipika kwa mashine inayokoroma kama mzee mwenye pumu, halafu yanatoka maji ya rangi ya chai. Nilimuuliza Yolette, "Mwanangu, haya maji mmeoshea nini?" Akacheka. Basi nikaitoa ile kahawa yetu niliyokuja nayo, nikaipitisha kwenye mfuko wa kitambaa kama inavyotakiwa. Nyumba nzima ikanukia, Frénel akatoka bafuni na sabuni ya ndevu usoni kuuliza kuna nini.

Kiko navutia kwenye roshani. Nakaa na koti la Frénel na blanketi juu yake. Kaa la moto hakuna, nawasha kwa kiberiti, na kiberiti kinaharibu pumzi ya kwanza. Nakaa nakuwaza: saa hii Anésie anapuliza moto jikoni. Tangu tubaki wajane wawili chini ya paa moja hatujawahi kuanza siku mbalimbali, na naona vibaya.

Sitakaa sana. Nalea mtoto mpaka mama yake azoee kazi. Kahawa ikianza kuwa nyekundu mitini, utaniona napanda kilima. Kiti changu kiache palepale barazani, asikikalie mtu. Tumbaku iliyo darini uwe unaigeuza.

Dada yako anayetetemeka,
Célanie


Fon Sitwon, 2 Mei 1982

Dada yangu,

Barua yako imenifikia kwa mkono wa Bi Osias, yule mfanyabiashara anayepanda ndege na mabegi mengi kuliko abiria wote. Mtoto nimemwona kwenye picha. Ni baba kweli, maskini. Mimi ni mzima, magoti ndiyo yanayojifanya mazee. Kuku wa kijivu ameangua. Padri amekusikia, anakuombea usiporomoke kwenye barafu.

Tumbaku imeota ukungu. Niliigeuza kama ulivyoagiza, lakini hukuniambia kwamba paa linavuja upande ule, na mvua za mwezi wa nne zimekuja na hasira. Nimeitupa karibu yote. Usinikaripie, nimeshajikaripia.

Bado nachemsha vikombe viwili. Mkono haujaambiwa kwamba umeondoka. Cha pili nawamiminia chini wazee wetu waliokufa, na wazee mwaka huu wanakunywa sana.

Kuna jambo nimeligundua na ni la kijinga. Kiko kinanizimikia. Tukiwa wawili, wewe ukisema mimi navuta, mimi nikisema wewe unavuta, moto haulali hata kidogo. Peke yangu nakaa namtazama kuku, nikija kushtuka kiko kimekuwa cha baridi mkononi na kahawa nimeimaliza bila kujua ilikuwa na ladha gani. Nilikuwa nadhani napenda kahawa na tumbaku. Kumbe nilikuwa napenda kukaa.

Rudi mapema.

Anésie


Montreal, 9 Julai 1982

Mpenzi Anésie,

Hujambo wewe na magoti yako? Sisi hatujambo. Mtoto ameota jino na hataki kulala ila kifuani kwangu. Yolette amepandishwa cheo huko hospitalini anakofanya usafi, sasa ana watu watatu chini yake. Jumapili tunakwenda kanisani na Wahaiti wengine wa mtaa huu, wanaimba vizuri, ila wanavaa kama wanakwenda kuoa.

Tumbaku kuota ukungu si neno. Nakutumia kopo moja kwa Bi Osias, ni tumbaku ya huku. Mimi navuta kila asubuhi roshani kama kawaida, na majira haya jua lipo, watu wananipungia mkono.

Kuhusu kurudi, Yolette anasema tusubiri kwanza baridi ipite. Nikamwambia baridi bado haijaja. Akasema, ndiyo maana. Usijali, tutaona.

Célanie


Fon Sitwon, 20 Septemba 1982

Dada,

Nakusalimu. Natumaini jino limetoka na mtoto anakuacha ulale. Hapa tumepatwa. Watu wa serikali walipanda na bunduki na karatasi, wakasema nguruwe wetu wana homa, lazima wauawe wote nchi nzima. Nguruwe wangu alikuwa anakula vizuri kuliko mimi. Nilimwambia yule kijana, "Mguse, uone kama ana homa." Akasema, "Bibi, mimi nimetumwa." Wamewachoma wote shimoni kule chini ya kanisa. Harufu ilikaa bondeni, ukifungua mdomo unaila.

Siku ile hatukupika chakula. Tulikaa tukanywa kahawa tu, kiko baada ya kiko, mpaka jua likazama.

Kahawa mitini imezaa vizuri mwaka huu, matawi yameinama. Imeanza kubadilika rangi upande wa jua. Nakutumia kidogo ya mwaka jana, nimeikaanga mwenyewe na sukari guru. Tumbaku ya kopo inanukia keki, nimempa padri. Usinitumie nyingine, tumbaku nzuri imepatikana.

Unakuja lini? Barua yako haikusema.

Anésie


Montreal, 28 Novemba 1982

Anésie,

Sisi hatujambo, nyie natumaini hamjambo. Naandika "nyie" kwa makusudi.

"Tulikaa tukanywa." Nimeisoma barua yako mara nyingi. Wewe na nani? Na tumbaku "imepatikana", imejitokeza yenyewe kama muujiza? Nilijiambia kalamu imeteleza. Jana Bi Osias alikuja kuniletea kahawa yako. Nilimkaribisha kiti, hata sijamuuliza kitu, akasema, "Dada yako hana upweke, Mama. Nilimkuta yeye na shoga yake, yule mrefu mwenye kovu shavuni, wanacheka hadi machozi, moshi umewafunika kama tanuru la mkaa."

Mrefu mwenye kovu shavuni, hapo Fon Sitwon, ni mmoja tu.

Nikukumbushe, labda mvua imekuosha na akili. Dorvil alikuwa mume wangu. Alikuja kula kwangu, akavuka korongo kwenda kulala kwa Lumène, na mimi nikaoga, nikavaa, nikaenda sokoni nikasalimia watu kana kwamba sijui. Miaka yote hiyo. Alipokufa, yule mwanamke alikuja mazikoni amevaa nyeusi kama yangu, akasimama ubavu wa pili wa jeneza, tukatazamana juu ya mume wangu. Wewe ulikuwepo. Wewe ndiye uliyesema, "Dada, usimtazame, usimpe furaha hiyo."

Leo unamchekea. Na bila shaka amekalia kiti changu.

Pasaka nakuja. Sitaki kumkuta kwangu, wala sitaki kusikia kwamba amewahi kuwa kwangu. Chagua.

Célanie


Fon Sitwon, 15 Januari 1983

Dada,

Heri ya mwaka mpya kwako, kwa Yolette, kwa Frénel na kwa mtoto. Supu ya maboga niliipika. Tumevuna kahawa, imekauka uani vizuri kabisa.

Nitakueleza yote, halafu uamue utakavyo.

Ilikuwa mwezi wa tano, ukungu umeshakula tumbaku yetu. Lumène alipita njiani na mzigo wa majani ya tumbaku kichwani, anakwenda sokoni. Akasimama huko huko njiani, hakutia mguu uani.

Akasema, "Anésie, moshi wako sijauona muda mrefu. Nilidhani umekufa."

Nikamwambia, "Nikifa utasikia kengele."

"Kengele yenyewe imepasuka. Una tumbaku?"

Akatua mzigo, akachomoa majani mazuri, ya kati, akayaweka juu ya ua, akajitwisha akaenda. Hakungoja asante. Majani yale niliyaacha pale kutwa nzima kwa sababu najua yametoka shamba gani. Jioni nikayachukua.

Kesho yake alipopita nilikuwa nimechemsha vikombe viwili. Sitakudanganya kwamba sikujua nafanya nini. Nilimwita.

Kwa muda mrefu alikalia jiwe. Mvua ndiyo iliyomleta barazani. Na kwenye kiti chako, ndiyo, hukosei, mimi ndiye niliyemwambia akae, kwa sababu kile kingine hakina mgongo na yeye ana umri kama wetu.

Unataka kujua tunaongea nini. Bei za sokoni. Magoti. Anajua kukata tumbaku nyembamba kama nywele, na ana namna ya kuweka kaa juu ya kiko kwa vidole vitupu bila kukunja uso. Anachovya mkate wa muhogo kwenye kahawa, anakula, anafuta mdomo, ndipo anavuta, na akivuta pumzi ya kwanza anafumba macho na kusema, "Haya, sasa na waje na shida zao." Kisha tunakaa. Kile kinywaji kichungu kinashuka na moshi unapanda, na kwa muda ule hakuna mtu aliyekufa wala aliyesafiri.

Siku moja alimtaja Dorvil. Akasema Dorvil alikuwa akinung'unika kila asubuhi kwamba kahawa yake ni nyepesi, ati ya Célanie ndiyo kahawa. Nikamwambia huku alikuwa akinung'unika kwamba yako ni nzito, ati inamkosesha pumzi. Basi ndipo tulipocheka, na ndipo Bi Osias alipotukuta. Tulimcheka Dorvil, Dada. Hatukukucheka wewe. Jina lako Lumène hajawahi kulitaja vibaya. Anakuita "mwenye nyumba".

Unaniambia nichague. Unaliandika neno hilo na mtoto kifuani, Yolette chumba cha pili, na mkwe wa kukuvutia kiti. Mimi hapa nina kuku.

Lakini wewe ni dada yangu, tumelala kitanda kimoja tangu utoto, na yeye si kitu changu. Nijibu swali moja. Pasaka unakuja kweli? Ukisema ndiyo, nitamwambia.

Anésie


Montreal, 20 Februari 1983

Anésie,

Sote wazima.

Ndiyo. Yolette ameshauliza habari za ndege. Mwambie.

Célanie


Fon Sitwon, 18 Machi 1983

Dada yangu,

Salamu, na karibu nyumbani kabla hujafika. Nimepaka baraza chokaa. Paa nimeliziba. Mto wako nimeutoa nje ukapigwa na jua.

Nilimwambia Jumatatu, baada ya kahawa, kabla hajashindilia kiko.

"Célanie anakuja Pasaka."

Akasema, "Vizuri. Utafurahi."

"Hataki kukukuta hapa."

"Basi Pasaka sitakuja. Nitakaa kwangu nile samaki wangu."

"Si Pasaka tu, Lumène."

Alikuwa ameshika jani la tumbaku. Alilikunja upya, taratibu, akalirudisha mfukoni. Akaniuliza, "Amekutuma yeye au umeamua wewe?"

Nikamjibu, "Nimeamua mimi."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nadhani sikutaka aondoke akikuchukia zaidi, maana mtakutana kanisani na sokoni mpaka mfe. Akanyanyuka, akapangusa sketi. Alipofika kwenye ua akageuka kama mtu aliyesahau kitu, halafu akaenda.

Tangu siku hiyo anapita njia ya juu kwenda sokoni. Ni ndefu, na yeye ana mzigo.

Nimekuwekea tumbaku na kahawa ya mwaka huu, sijaionja, nakungoja. Niandikie siku ya ndege nikupokee mjini.

Mdogo wako,
Anésie


Montreal, 15 Mei 1983

Anésie, mdogo wangu,

Najua Pasaka imepita. Nakuomba usome mpaka mwisho. Yolette ana mimba nyingine, anatapika sana, Frénel amebadilishiwa zamu, na mtoto ameanza kutembea, anavuta kila kitu mezani. Hizo ndizo sababu nilizokuwa nimekuandalia. Niliandika barua tatu za namna hiyo nikazichana.

Ukweli ni kwamba mwezi wa kwanza Yolette aliniwekea karatasi mezani, nikatia sahihi. Ni karatasi za kukaa huku moja kwa moja. Hakunilazimisha mtu. Nilipokuandikia ile "ndiyo", nilikuwa nimeshasaini.

Na kiko nimekiacha zamani, kabla hata ya barua yangu ya Julai. Mtoto alikuwa anakohoa, jirani wa juu analalamika, na roshani ile, Anésie, ni mahali pa kuwekea ndoo. Hakuna aliyewahi kunipungia mkono. Kahawa nakunywa kikombe kimoja, cha mashine, na maziwa. Nimeizoea. Huku kuna maji ya moto yanatoka ukutani. Kuna mtoto anayelia nikitoka chumbani. Kusema kweli sitamani kupanda kile kilima tena, na nilijua hivyo tangu majira ya joto, ila kila nikitaka kukuandikia nakuona umekaa barazani na kalamu inagoma.

Utaniuliza, sasa kwa nini. Nimejiuliza pia. Niliposikia kwamba amekaa pale, kahawa yetu mkononi, na wewe unacheka, niliona amenichukulia tena. Kwamba kile kiti sikuwa nakihitaji tena hakukunipunguzia kitu. Nilitaka atoke tu.

Ametoka, na haijanisaidia. Mwite arudi ukipenda. Mimi sina kinyongo tena.

Dada yako anayekupenda,
Célanie


Fon Sitwon, 3 Julai 1983

Célanie,

Barua yako ilifika. Nikakaa nayo siku kadhaa, halafu nikavaa viatu nikavuka korongo.

Sijawahi kufika kwa Lumène kabla ya hapo. Kwa ajili yako sijawahi. Nyumba yake ni ndogo, safi, tumbaku imening'inia chini ya paa pande zote, unapita chini yake umeinama. Nilikuwa nimebeba kahawa ya mwaka huu, ile niliyokuwa nimekuwekea. Nilimkuta mlangoni, kiko mdomoni, sufuria motoni.

Nikasema, "Nimekuja kukwambia Célanie haji."

"Nimesikia. Bi Osias alipita."

"Hatakuja tena kabisa. Kwa hiyo asubuhi, kama unapita..."

Akasema, "Mbona uliniambia umeamua wewe?"

"Nilisema uongo. Ni yeye."

"Najua. Nilijua palepale, uso wako hauwezi uongo. Nilikwenda nyumbani nikajisemea, Anésie atakuja wiki hii kuniambia ukweli, na nikakungoja. Mwezi mzima nikachemsha ya watu wawili kama mwendawazimu. Ungekuja wakati ule, ningerudi, hata kama Célanie angekuwa amekaa barazani kwako na panga. Lakini ulikuwa unapaka chokaa. Leo umekuja kwa sababu umemkosa yeye."

Alikuwa anasema kweli tupu.

Nikamnyooshea ile kahawa. Akasema, "Ninayo." Akaingia ndani, akamimina kikombe, akaniletea pale pale mlangoni. Hakunionyesha kiti. Kulikuwa na viti viwili, nimeviona. Nikainywa nimesimama, kama anavyopewa mpita njia aombaye maji. Ilikuwa kahawa nzuri, nyepesi kama Dorvil alivyokuwa akisema, na ya moto, na sikuweza kuimaliza haraka bila kuungua, kwa hiyo tulisimama hivyo muda mrefu, yeye anavuta, mimi nanywa, na moshi wake unanipita usoni. Tumbaku hakunipa. Kiko changu nilikuwa nacho mfukoni, nimekishika, na sikukitoa.

Nikamrudishia kikombe nikamshukuru. Akasema, "Njia inateleza, Bi Anésie, angalia." Miezi yote tuliyokaa pamoja hakuwahi kuniita Bi.

Umeandika kwamba huna kinyongo. Umekaa kwenye maji ya moto ukaandika hivyo, ukabandika stempu. Mimi ninacho, Célanie. Ninacho cha kunitosha mimi, na cha kwako ulichokitupa nimekiokota pia.

Karatasi zako umesaini kwa heri, kaa. Mwambie Yolette nampa pole kwa kutapika, tangawizi itamsaidia. Busu mtoto. Bi Osias nimemwambia asinipokelee tena kitu kutoka kwako, na hii ndiyo ya mwisho anayoibeba kutoka kwangu.

Anésie